Hoteli ya chapati nayo ni hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu yule msomaji mwenzetu aliyeandika juzijuzi kwamba watu wa Tanga tunauaibisha mji kwa kuandika HOTELI kwenye mabanda ya chai, eti mgeni anashuka stendi ya Kange usiku na begi lake, anaona bango, anajikokota mpaka mlangoni, anakuta mabenchi mawili na sufuria la maharage na kijana anafuta meza, kitanda hakuna, rumu hakuna, shuka hakuna. Mpaka hapo sina ugomvi naye, inatokea kweli. Ugomvi wangu ni pale aliposema neno hoteli lina maana moja tu dunia nzima, nyumba ya kulala wageni basi, na kuliita banda la chapati hoteli ni ushamba, na Jiji lipite lifute mabango yote ya namna hiyo. Hapo ndo nikasema hapana, hii lazima niijibu.

Mi si mwalimu wa lugha. Kazi yangu natembeza wageni, Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, na hapa mjini kwenye majengo ya Mjerumani, na kwa ajili ya kazi hiyo nimejifunza Kifaransa cha kuungaunga maana Mfaransa ukimsalimia kwa lugha yake anachangamka na bakshishi nayo inachangamka. Halafu marehemu baba yangu alikuwa na hoteli Ngamiani, hoteli ya kula, kwa hiyo mkisema natetea chapati zetu nitakubali, nazitetea.

Haya. Neno lenyewe kwao Ufaransa. Wao wanaandika hôtel, ile o ina kikofia juu, Waingereza wakalichukua kwao wakalivua kikofia, kisha likatufikia sisi tukalimalizia na i kama kawaida yetu. Sasa twende hukohuko lilikozaliwa tuone kama lina maana moja. Uko Paris, umechoka, unaona pameandikwa Hôtel de Ville, unaburuza begi mpaka pale kuulizia rumu, unakuta ni ofisi ya meya! Miji ya Ufaransa karibu yote ina hôtel de ville yake, watu wanaenda pale kufunga ndoa ya serikali na kuandikisha watoto, kulala hakuna. Ukiona Hôtel de Police usiingie kuuliza bei, hiyo ni polisi, ingawa ukizingua sana watakulaza bure. Hôtel des ventes ni nyumba ya mnada. Hôtel de la Monnaie pale Paris ni kiwanda cha sarafu. Waziri Mkuu wao ofisi yake inaitwa Hôtel Matignon na sijasikia mtu amepewa ufunguo wa rumu pale pamoja na chai ya asubuhi. Tajiri wa zamani akijenga jumba lake mjini, jumba lile nalo linaitwa hôtel, halipangishwi, anakaa mwenyewe na familia yake na watumishi.

Bado. Kuna Hôtel des Invalides, mfalme Louis XIV aliamuru ijengwe mwaka 1670 kwa ajili ya askari wake wazee na wale waliopata ulemavu vitani, na leo kaburi la Napoleon liko humohumo. Na kuna hii ambayo kila nikiwaambia wenzangu hawaamini, Hôtel-Dieu, ukitaka kuisema kwa Kiswahili ni hoteli ya Mungu, hiyo ni hospitali, iko jirani kabisa na kanisa la Notre-Dame, na wenyewe masimulizi yao yanasema ilianza mwaka 651.

Sasa huyu ndugu yetu angepita Paris na ndoo ya rangi afute mabango yote hayo? Angeanzia kwa meya.

Nikaanza kuuliza wageni wangu kwa nini iko hivyo, mmoja alikuwa mama mtu mzima amefundisha Kilatini maisha yake yote, tukakaa nje ya pango pale Amboni tunasubiri mvua ipungue akanieleza vizuri sana. Anasema mzizi wa mambo yote ni neno la Kilatini hospes, na hilo neno lilikuwa maana yake mgeni na papo hapo maana yake mwenyeji, neno moja watu wawili! Na Kifaransa cha leo kimebaki na tabia hiyo, hôte anaweza kuwa aliyekaribisha au aliyekaribishwa, usikilize sentensi nzima ndo ujue nani kapika na nani anakula. Nikamwambia mama, kwetu sisi mgeni njoo mwenyeji apone, ukiwaita hao wawili jina moja methali inakufa hapohapo. Akacheka sana.

Basi kwenye hospes ikatoka hospitale, yaani nyumba ya kupokelea wageni, hasa mahujaji na maskini na wasafiri. Na msafiri wa zamani mnamjua, katembea wiki nzima, miguu imevimba, homa juu, kwa hiyo nyumba ileile ilikuwa inamlaza, inamlisha na inamtibu, hakuna dirisha la wagonjwa na dirisha la wageni. Miaka ikaenda kazi zikagawanyika na neno nalo likagawanyika, tawi moja likawa hospitali, jingine hosteli, jingine hoteli. Tazama hapo Mhariri, mwanafunzi wa hapa Tanga analala hosteli, akiumwa anakimbizwa hospitali ya Bombo, ndugu zake wakija kumjulia hali wanapanga hoteli, na maneno yote matatu ni ya tumbo moja, sisi tumeyapokea yameshakua na kuachana ndo maana hatuyaoni kama ndugu.

Tena hosteli na hoteli kuyaita ndugu hakutoshi, ni neno hilohilo moja. Wafaransa wa kale walikuwa wanasema hostel, na Waingereza wakalikopa hivyohivyo karne nyingi zilizopita. Baadaye Wafaransa wakaacha kuitamka ile s, wakawa wanaiandika tu kwa mazoea, mpaka Akademia yao ya lugha ilipotoa kamusi ya mwaka 1740 ikaziondoa s nyingi za namna hiyo na mahali pake ikaweka kikofia juu ya irabu. Ndo maana wao hospitali wanaandika hôpital, msitu wanaandika forêt, kila kikofia mara nyingi kuna s imezikwa chini yake. Baada ya hapo Mwingereza akarudi tena miaka ya 1700 na kitu kukopa neno lilelile, sasa halina s, akalitumia kwa nyumba za wageni za kifahari ili zisifanane na zile za kawaida za njiani. Yaani kakopa mara mbili duka moja bidhaa moja, na zote mbili akatuuzia sisi.

Sisi watu wa pwani nasi hatukukaa kimya. Wazee wetu wengi hawasemi hospitali, wanasema spitali, nampeleka mtoto spitali. Mfaransa kameza s kaacha ho, sisi tumemeza ho tumeacha s, sasa nani kaharibu na nani katengeneza? Na Wakongo waliochukua moja kwa moja kwa Mfaransa wanasema lopitalo kwa Kilingala, ile l ya mbele si ya hospitali hata kidogo, ni kile kineno cha Kifaransa kinachotangulia jina, kimegandia humo hakitoki. Kama ilivyo divai, ambayo ni du vin ya Kifaransa, yaani mvinyo kiasi, tumebeba na kiasi chake. Mpaka leo hakuna aliyesema tuiandike upya.

Nirudi kwenye chapati. Huyu ndugu anasema maana ya kula tumeizua sisi kwa kutojua. Aende basi kusini mwa India akatafute hotel, atawekewa wali na mchuzi. Kule Bangalore kuna zinazoitwa military hotel, si kambi ya jeshi na wala hakuna kulala, ni sehemu za kula nyama. Akitoka huko apite Australia, ataona hotel kila kona na nyingi ni baa, na kisa chake ni kwamba sheria zao za zamani zilimtaka mwenye kuuza pombe awe na vyumba vya wasafiri, vyumba vikaisha kazi, bia ikabaki, jina likabaki. Na hapo jirani tu avuke mpaka wa Kenya pale Horohoro aende hadi Mombasa, aseme naenda hotelini, kila mtu atajua ana njaa. Mimi naona maana hii ya chakula ilikuja pwani yetu kwa jahazi moja na wafanyabiashara wa Kihindi, walikuwa wengi Tanga na maduka yao na vibanda vyao vya chai, huo ni mtazamo wangu lakini ukiangalia ramani ya watu wanaosema hivyo unaona njia yake.

Lakini hata kama neno lililetwa, kwa nini lilikaa? Hapa ndo nataka tuelewane vizuri. Tanga ilikuwa mji wa mkonge. Mkonge ulipandwa mkoa huu tangu miaka ya 1890, ukaja ukajaza mashamba huko Muheza, Korogwe, Pangani, na mashamba yakaleta manamba, watu waliotolewa mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wanaitwa manamba kwa sababu walijulikana kwa namba. Halafu reli, halafu bandari na makuli wake. Hawa wote ni wanaume walio peke yao, hawana jiko, hawana mke karibu, wana njaa na wana ujira kidogo mfukoni. Wanachonunua ni nini? Chakula. Kulala hakukuwa kitu cha kununua kwa mtu wetu, shambani ana kambi, mjini ana ndugu au mtu wa kabila lake, anakaribishwa mkekani, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe. Nyumba zenye vitanda vya kulipia enzi za ukoloni zilikuwa za wazungu, kama ile Kaiserhof ya Mjerumani kule Dar ambayo baadaye pale pakawa New Africa, Mwafrika alikuwa anaingia kama amebeba mizigo au anapika. Kwa hiyo nyumba ya kupokelea wageni, kwa mtu wa kawaida wa Ngamiani, ilikuwa ni ile yenye meza na birika la maji ya kunawa. Ilimpokea mgeni ikamlisha. Mama wa Kilatini angesema hiyo ndo hospitale yenyewe.

Hoteli ya baba yangu ilikuwa na meza zenye plastiki ya maua, chai ya maziwa, chapati, mbaazi za nazi asubuhi, mchana wali na samaki, bada, yaani ugali wa muhogo, kwa wenyewe wanaoijua, na ukutani pameandikwa kukopa harusi kulipa matanga. Watu wa mkonge na watu wa bandari walikuwa wanakula mwezi mzima kwa daftari wakilipwa ndo wanalipa, kwa hiyo maandishi yale yalikuwa pambo tu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia kitanda.

Sasa ushauri wa ndugu yetu ni kwamba tuseme mkahawa au restoranti, ndo sahihi. Aisee. Kama tunataka kufuata asili kwa ukali hivyo tufuate mpaka mwisho. Mkahawa umetoka kwenye kahawa, na kahawa Tanga tunakunywa barazani na kashata, huko mnakokuita mkahawa siku hizi kahawa yenyewe mara nyingi haipo kuna soda na chipsi, kwa hiyo nao ni uongo, Jiji lifute. Na kafe ya Kifaransa ni kahawa hiyohiyo ya Kiarabu iliyozunguka kwa Waturuki na Wataliano, kwa hiyo kafe na mkahawa ni kitu kimoja. Na restoranti ndo kabisa! Hilo nalo la Kifaransa, mwanzoni lilikuwa jina la supu, supu nzito ya kurudisha nguvu mwilini, Paris miaka ya 1760 wakaanza kufungua nyumba za kuuza supu hizo kwa watu waliolegea, nyumba zikachukua jina la supu. Kwa hiyo restoranti halisi ya mkoa huu ni yule jamaa wa supu ya pweza jioni, mwenye sufuria lake na vikombe, wateja wake wanajua wenyewe wanarudishiwa nguvu gani. Mbona yeye haandiki restoranti? Na wale wa juu wenye viyoyozi wasiouza hata supu mbona hatuwafuati na rangi?

Siku hizi maana inahama tena, hilo nakubali. Vijana ukiwaambia hoteli wanawaza ghorofa, kiyoyozi, lifti, ufunguo wa kadi. Sehemu ya kulala ya bei ya chini wanaita gesti au loji, ya kula wanaita mgahawa au kwa mama lishe. Na serikali nayo ina Sheria ya Utalii ya 2008 na mambo ya nyota, mwenye vitanda anapangiwa daraja. Sina shida na hilo, mtu akidai ana nyota apimwe. Shida yangu ni kuwaambia watu wa umri wa baba yangu, na watu wa Muheza na Pangani na vijijini huko ambao mpaka leo wanasema twende hotelini tukanywe chai, kwamba wanasema vibaya. Wanasema kama walivyosema wazazi wao, na maana yao ina umri mkubwa hapa mjini kuliko hizo loji zote za barabara ya Pongwe.

Kuhusu mgeni wa Kange, maana sitaki ionekane simjali, wageni ndo ugali wangu. Dawa yake ni nyepesi haihitaji kufuta kitu. Mwenye bango aongeze neno moja chini, chakula au malazi, au yote mawili kama anayo. HOTELI, CHAKULA. HOTELI, MALAZI. Brashi moja na kopo dogo la rangi. Madereva wa bodaboda pale stendi wao wameshajitatulia zamani, ukisema hoteli wanakuuliza hapohapo, ya kula au ya kulala bosi? Hawajasoma Kilatini wala hawajafika Paris.

Na wewe Mhariri nina ombi kwako pia, wewe na wenzako wa magazeti mengine. Mnapoandika bwana afya kafunga hoteli kwa uchafu, sisi tunaotembeza wageni simu zinaanza kuita, watu wa Arusha na Dar wanataka kughairi rumu walizolipia, wanauliza ni ipi hiyo iliyofungwa, kumbe ni banda la chipsi karibu na soko. Hapo andikeni hoteli ya chakula. Herufi chache tu, na kwenye ukurasa nafasi ipo.

Ni mimi msomaji wako,
Ngamiani, Tanga